Kutengeneza Kipande cha Faiba kwa Pripregi ya Nyuzi za Kioo: Mwongozo wa Fundi Anayeanza

Maswali kuhusu pripregi hunifikia kwa sura ileile kila mara: kwa nini kipande kimetoka na vitundu kama vya sindano, kwa nini kimeng'ang'ania kalibu, kwa nini geji ya pampu haifiki namba iliyoandikwa kwenye maelekezo. Wengi wanaouliza ni mafundi wazuri waliozoea faiba ya kupaka rezini kwa brashi, ile inayotengeneza boti, matangi na bodi za magari, na sasa wanataka kipande chepesi zaidi, chenye unene ulio sawa na kisichobeba rezini ya ziada. Mwongozo huu ni wao. Unafuata kipande kimoja kutoka kwenye friza hadi kinapotolewa kwenye kalibu, kwa kutumia mfuko wa kunyonya hewa na oveni, bila otoklevu, yaani tanki la kuivishia kwa joto na mgandamizo mkubwa.

Pripregi ni kitambaa cha nyuzi za kioo ambacho kiwandani kimekwisha kulowana rezini iliyochanganywa na kigumishi chake kwa kipimo kamili. Kwa kawaida rezini huwa kati ya asilimia 35 na 42 ya uzito wote. Mmenyuko wa kuigandisha rezini hiyo umeshaanza kabla jora halijakufikia, na baridi ndiyo inayouchelewesha. Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na ya brashi: hupimi wala huchanganyi chochote, bali unatunza muda na unatoa hewa. Kasoro nyingi ninazoonyeshwa zilizaliwa kabla oveni haijawashwa, na ndiyo sababu hatua za mwanzo zimepewa nafasi kubwa kuliko za mwisho.

Mfano wetu ni kifuniko cha tundu la ukaguzi kwenye sitaha ya boti: urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 30, kina cha sentimita 4, na matabaka 8 ya kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba. Kila tabaka likiiva huwa na unene wa karibu robo milimita, kwa hiyo kifuniko kizima kitakuwa na unene wa takriban milimita 2. Andaa mita 3 za mraba za pripregi, pamoja na vipande vitakavyopotea katika kukata.

Kabla ya kununua

Anza na pripregi ya epoksi iliyotengenezwa kwa ajili ya mfuko wa ombwe, yaani huo wa kunyonya hewa, na oveni. Zipo zinazohitaji mgandamizo wa otoklevu ili zitoke bila mapovu, na zipo za rezini ya fenoliki, zinazotumika sana ndani ya vyumba vya abiria vya ndege kwa sababu hazitoi moshi mwingi zinapoungua. Hizo za fenoliki hutoa maji wakati wa kuiva na humsumbua sana anayeanza. Muulize muuzaji mambo matatu: joto la kuivishia, muda ambao pripregi inaweza kukaa nje ya friza, na muda wa kuhifadhiwa ndani ya friza.

Jibu la swali la pili ndilo muhimu zaidi kwa fundi wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar. Muda wa kukaa nje hupimwa kwa karakana yenye nyuzi joto 21 hivi za Selsiasi, na karakana yenye nyuzi 32 huupunguza sana. Ukipewa nafasi ya kuchagua, lipia zaidi upate aina inayovumilia wiki nyingi nje ya friza kuliko ile ya siku chache. Vilevile jora husafirishwa na barafu kavu au vifurushi vya jeli iliyogandishwa, na likikwama kwenye ghala la mizigo wakati nyaraka za forodha zinashughulikiwa, muda wake unaendelea kuliwa bila wewe kujua. Mwombe muuzaji aweke kifaa cha kurekodi joto ndani ya boksi, na nyaraka za forodha zianze kushughulikiwa kabla mzigo haujatua.

Mahitaji

- Friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, isiyohifadhi chakula.
- Kalibu ya alumini, chuma au epoksi ya kuhimili joto kali.
- Oveni yenye feni ya kuzungusha hewa, inayofika nyuzi 130 na yenye tundu la kupitishia bomba la pampu. Oveni ya jikoni isitumike, na iliyokwisha kutumika kwa rezini isirudi jikoni kamwe.
- Pampu ya kunyonya hewa, geji, vali ya kufungia na bomba linalohimili joto.
- Nailoni ya mfuko, utepe mnato wa kuzibia mfuko, kitambaa cha kubandua, filamu yenye vitundu vidogo vilivyo mbalimbali, na kitambaa kinene cha kupitishia hewa. Vyote viwe vimeandikwa joto linalozidi lile la kuivishia.
- Dawa ya kuachanisha kalibu inayohimili joto.
- Vihisi joto viwili vya waya.
- Kisu chenye wembe mpya, rula ya chuma, spatula za plastiki zenye kingo za mviringo.
- Glavu za naitraili, nguo za mikono mirefu, miwani ya kinga, na barakoa ya vumbi laini kwa ajili ya kukata.
- Daftari.

Nataka niseme neno kuhusu kalibu, kwa kuwa wengi wenu mnayo tayari ya polyesta mliyotengenezea boti. Kalibu hiyo haifai kwa pripregi inayoiva kwenye nyuzi joto 120. Polyesta ya kawaida hulegea kabla ya kufika joto hilo, nayo itapinda ikiwa na kipande chako ndani. Nta ya kupaka kwenye kalibu za boti ina tatizo linalofanana na hilo: nta ya karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, hivyo kwenye oveni inakuwa majimaji na kuuacha uso wa kalibu bila kinga.

Usalama nauandika hapa juu kwa makusudi. Rezini ya epoksi isiyoiva inaweza kuifanya ngozi ipate mzio usiopona maisha yote. Fundi akishaupata, hata kugusa kidogo humwasha na kumvimbisha. Vaa glavu tangu unapofungua mfuko wa pripregi, zibadilishe zikichafuka, na usijifute mikono kwa asetoni, kwa sababu huivusha rezini kwenye ngozi badala ya kuiondoa. Tumia sabuni na maji.

Hatua za kazi

1. Andaa kalibu. Safisha uso wake kwa kimiminika cha kusafishia kinachopendekezwa na mtengenezaji wa dawa ya kuachanisha, kwa kitambaa cheupe, hadi kitambaa kitoke bila alama. Kisha paka dawa kwa kufuta kidogokidogo: tabaka jembamba, subiri likauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, halafu tabaka linalofuata kwa kuukata uelekeo wa kwanza. Kalibu mpya huhitaji matabaka 4 hadi 6. Acha ukingo wa sentimita 5 pembezoni bila dawa, kwa sababu utepe wa mfuko utabandikwa hapo na hautashika juu ya dawa. Bandika utepe huo sasa, na karatasi yake ya juu uiache mpaka hatua ya kufunga mfuko.

Kosa la kawaida: kupuliza silikoni ya makopo mahali popote ndani ya karakana. Mvuke wake hutua kwenye kalibu, kwenye pripregi na kwenye vipande vitakavyohitaji gundi au rangi baadaye.

2. Toa jora kwenye friza bila kufungua mfuko wake. Hapa ndipo vipande vingi vya ukanda wa pwani huharibikia. Kitambaa kilichotoka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kikikutana na hewa ya pwani iliyojaa unyevu, jasho hutanda juu yake papo hapo kama linavyotanda kwenye chupa ya soda baridi, na maji hayo yakifika kwenye oveni huwa mvuke na kuacha mapovu katikati ya matabaka. Liache jora ndani ya mfuko uliofungwa mpaka lifikie joto la chumba na nje ya mfuko pasiwe na jasho lolote. Jora nene huhitaji usiku kucha. Furushi dogo la matabaka yaliyokwisha kukatwa huchukua saa chache. Usiharakishe kwa jua wala kwa hita.

Kwa sababu hiyohiyo nakushauri, jora likifika, ulikate mara moja mafurushi yanayotosha kazi mojamoja, uyafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa na kuyarudisha kwenye friza. Kulitoa jora zima kila unapohitaji nusu mita ni kulizeesha lote.

3. Andika muda. Kwenye daftari weka namba ya jora, tarehe ya kutengenezwa, saa lilipotoka kwenye friza na saa liliporudi. Jumlisha saa za nje kila mara. Umeme ukikatika na friza ikapanda joto, saa hizo nazo zihesabu. Ukipata jora lisilo na daftari, kata kipande kidogo ukitazame: pripregi nzima hushika kidole kwa unato wa wastani na hukunjika bila kuvunjika; iliyozeeka ni kavu, ngumu, na hutoa mlio mkavu ikikunjwa. Ya namna hiyo itumie kwa mazoezi tu.

4. Kata matabaka. Weka jora juu ya meza safi, karatasi zake za kinga zikiwa hazijatolewa. Tambua mtande, yaani nyuzi zinazokwenda na urefu wa jora, na mshindio unaozikata. Kwa kifuniko chetu, matabaka ya 1, 3, 6 na 8 yakatwe mtande ukifuata upande mrefu wa kalibu, na matabaka ya 2, 4, 5 na 7 yakatwe kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukiyaangalia kutoka katikati kwenda nje, mpangilio wa juu na wa chini unafanana kama sura na kivuli chake kwenye kioo. Mpangilio usiofanana hukipindisha kipande kinapopoa, na hakuna kazi ya baadaye itakayokinyoosha.

Andika kwenye karatasi ya kinga namba ya tabaka na mshale wa mtande. Ongeza sentimita 3 kila upande. Pembeni, pale ambapo kitambaa kitapanda ukuta wa kalibu, kata mpasuo mfupi ili kisijikunje, na mipasuo ya tabaka moja isikae juu ya mipasuo ya lingine.

5. Laza tabaka la kwanza. Hili ndilo litakaloonekana, nalo huamua sura ya kipande. Bandua karatasi ya kinga ya upande wa chini tu, laza kitambaa katikati ya kalibu, kisha sukuma kwa spatula kutoka katikati kwenda pembezoni ukifukuza hewa. Ukifika kwenye kona, anza na kona yenyewe: ingiza kitambaa ndani kabisa, kibane, ndipo ulaze sehemu tambarare. Ukifanya kinyume chake, kitambaa huvutika kama daraja juu ya kona, na chini yake hubaki uwazi ambao baadaye hujaa rezini tupu au hewa. Kona za ndani za kalibu zenyewe ziwe na mviringo usiopungua milimita 5. Kona kali kuliko hiyo haishikiki vizuri kwa mfuko wa ombwe.

Kitambaa kikikataa kulala kwa sababu chumba kina baridi, kama inavyotokea Nairobi mwezi Julai, kipashe kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Kukipasha kidogo kunatosha. Ukiona rezini inang'aa na kuanza kutiririka, umezidisha.

6. Nyonya hewa mapema. Juu ya tabaka la kwanza weka filamu, kitambaa cha kupitishia hewa na nailoni ya muda, kisha washa pampu kwa dakika 15. Hatua hii ndiyo wanaoanza hupenda kuiruka, ilhali hewa iliyonaswa chini ya tabaka la kwanza haina njia nyingine ya kutoka. Rudia baada ya kila matabaka 3. Kwa kifuniko chetu hiyo ni mara tatu kwa jumla, bila kuhesabu mfuko wa mwisho.

7. Endelea na matabaka mengine, ukifuata namba na mishale. Usipake rezini ya ziada mahali panapoonekana pakavu. Rezini ya kopo ina kigumishi tofauti, nayo itavuruga kuiva kwa pale palipopakwa. Ukilaza vibaya, bandua tabaka polepole na ulilaze upya, ilimradi nyuzi hazijavurugika.

8. Hesabu karatasi za kinga. Kila tabaka lina karatasi mbili, moja ya juu na moja ya chini. Matabaka 8 lazima yakupe karatasi 16. Zibandike ukutani moja baada ya nyingine kila unapozibandua, kisha zihesabu kabla ya kufunga mfuko. Karatasi hizi mara nyingi ni nailoni nyembamba inayoonyesha ng'ambo, na ikisahaulika kati ya tabaka la 5 na la 6 haitaonekana tena. Kipande kitatoka kizuri, kitapakwa rangi, kitafungwa kwenye boti, kisha siku moja kitaachana katikati. Ukipata 15, bandua matabaka mpaka uipate iliyobaki.

9. Weka njia za hewa. Chukua nyuzi kavu za kioo, zile za kuchomoa kwenye kitambaa kisicho na rezini, na uziweke kila baada ya sentimita 10 hivi kuzunguka ukingo wa matabaka, ncha moja ikigusa ukingo wa pripregi na nyingine ikifika kwenye kitambaa cha kupitishia hewa. Nyuzi hizo hutoa hewa kwa pembeni bila kuiachia rezini itoroke kwa wingi. Kisha funika kwa mpangilio huu: kitambaa cha kubandua, filamu yenye vitundu, kitambaa cha kupitishia hewa. Filamu yenye vitundu vikubwa au vingi hunyonya rezini kupita kiasi na kukiacha kipande kikavu.

10. Funga mfuko. Kata nailoni iwe kubwa kuliko kalibu kwa theluthi moja hivi. Inapopita kwenye kona, ipe mkunjo unaosimama, uliozibwa kwa utepe pande zote mbili, ili nailoni iwe na nafasi ya kuingia ndani kabisa ya kalibu. Mfuko uliobana huning'inia juu ya kona na hauikandamizi kabisa. Weka vali mbali na kipande, juu ya kitambaa cha kupitishia hewa. Washa pampu kidogo, panga nailoni kwa vidole, kisha washa kikamilifu.

11. Pima uvujaji. Pampu ikishafikisha geji mwisho wake, funga vali na uizime pampu. Geji isishuke zaidi ya bari 0.03 kwa dakika 5. Ikishuka, tega sikio kuzunguka utepe, kandamiza mahali pa mikunjo, na urudie kipimo. Usiingize kwenye oveni mfuko unaovuja kwa matumaini kwamba pampu itamudu, kwa sababu joto huulegeza utepe na kuliongeza tundu.

Hapa ndipo linapokuja swali la geji isiyofika mwisho. Mfuko haukandamizwi na pampu. Pampu inaondoa hewa ya ndani, na hewa ya nje ndiyo inayokandamiza. Pwani hewa hiyo ina mgandamizo wa karibu bari 1, sawa na tani 10 kwa kila mita ya mraba. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni bari 0.82 hivi, na Kampala ni karibu bari 0.88. Kwa hiyo geji inayosoma 0.80 chini ya sifuri Nairobi iko sawa kabisa, lakini ikisoma namba hiyohiyo Tanga, ama pampu ni dhaifu ama mfuko unavuja. Fundi wa nyanda za juu anafanya kazi kwa mgandamizo ulio pungufu kwa karibu moja ya tano, na hilo alifidie kwa kunyonya hewa mapema mara nyingi zaidi katika hatua ya 6.

12. Ivisha. Fuata karatasi ya maelezo ya pripregi yako. Namba ninazotoa ni za aina ya kawaida ya nyuzi 120. Panda kwa nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika mpaka 80, kaa hapo dakika 30 ili rezini ilainike, itiririke na kuiachia hewa ya mwisho, kisha panda hadi 120 na ukae saa 1. Kihisi joto kimoja kiguse kalibu mahali palipo nene zaidi, kingine pembeni mwa kipande. Saa ya kuivishia inaanza kuhesabiwa pale kihisi kilicho nyuma, yaani kinachochelewa kupanda joto, kinapofika 120, si pale namba ya oveni inapofika. Kalibu nene ya chuma inaweza kuchelewa sana nyuma ya hewa ya oveni, na kipande kilichohesabiwa kwa namba ya mlangoni hutoka hakijaiva. Kipande chenye unene wa sentimita 1 na zaidi kisipandishwe kwa pupa, kwa sababu rezini hutoa joto lake yenyewe inapoiva na inaweza kujiunguza katikati.

Umeme ukikatika, funga vali kwanza ili ombwe libaki, na mlango wa oveni usiufungue. Kama joto lilikuwa halijavuka 80, umeme ukirudi anza upya mzunguko wote. Kama lilikuwa limefika 120, pandisha tena na umalizie dakika zilizobaki. Ombwe likipotea kabla rezini haijaganda, kipande hicho kihesabu kuwa kimeharibika. Jenereta dogo la pampu peke yake lina thamani kubwa kuliko jenereta la oveni, maana oveni huvumilia kukatika na mfuko hauvumilii.

13. Poza na utoe. Acha ombwe mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 60. Kipande kinachotolewa kikiwa moto hupinda mikononi. Ondoa mfuko, kisha ingiza kabari za plastiki au mbao kuzunguka ukingo, kidogokidogo kila upande. Bisibisi ya chuma huikwaruza kalibu, na mkwaruzo huo utaonekana kwenye kila kipande kitakachofuata. Kalibu ya alumini hupanuka karibu milimita 2.2 kwa kila mita kutoka nyuzi 25 hadi 120, zaidi ya faiba yenyewe. Ikiwa ya shimo, ikipoa hukibana kipande, kwa hiyo kuta zake zisiwe wima kabisa. Nyuzi 2 au 3 za mteremko zinatosha.

14. Kata kingo. Tumia grainda yenye diski ya almasi au msumeno wa meno madogo, ukiwa na barakoa, miwani na mikono mirefu, na kama inawezekana lowesha kwa maji ili vumbi lisiruke. Malizia kwa msasa. Mabaki ya pripregi isiyoiva yasitupwe hivyo. Yaweke kwenye oveni pamoja na kazi inayofuata, yaive, ndipo yatupwe.

Kukagua na kutambua kasoro

Nyuzi za kioo zina fadhila ambayo kaboni haina: zinapitisha mwanga. Kabla ya rangi, shika kifuniko mbele ya taa kali. Kilicho salama huonekana chenye rangi moja ya asali hafifu au kijani hafifu. Mapovu huonekana kama nukta nyeupe, na matabaka yaliyoachana huonekana kama doa pana jeupe lenye kingo laini. Kisha gonga kwa sarafu sehemu yote. Mlio mkavu na mkali ni mzuri, mlio mzito kama wa debe lililojaa nguo unaonyesha uwazi ndani.

*Vitundu vidogo usoni.* Mara nyingi tabaka la kwanza halikunyonywa hewa mapema, au pripregi ilifunguliwa ikiwa na jasho. Kama vimetawanyika kila mahali ndani ya kipande, shuku unyevu. Kama viko usoni tu, shuku hatua ya 6.

*Rezini tupu kwenye kona, au kona yenye uwazi.* Ni daraja la kitambaa au mfuko uliobana. Punguza ukubwa wa vipande vya kona na ongeza mikunjo ya nailoni.

*Uso mkavu, nyuzi zinaonekana.* Rezini imenyonywa kupita kiasi na filamu yenye vitundu vingi, au pripregi imezeeka na haikutiririka. Daftari ndilo litakalokuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

*Kipande kinanata au kinapinda kwa mkono.* Hakijaiva. Kama hakina kasoro nyingine, kirudishe kwenye kalibu na ukiivishe tena kwa joto kamili, ukihesabu kwa kihisi kilicho nyuma.

*Kimeng'ang'ania kalibu.* Usipige nyundo. Kipoze hadi joto la chumba, mimina maji ya uvuguvugu kwenye upenyo wa ukingo, na usukume kabari taratibu. Kisha ondoa dawa yote ya kuachanisha na upake upya tangu tabaka la kwanza, maana tabaka jipya juu ya dawa iliyochubuka halishiki.

*Kuta zimeingia ndani kidogo.* Pembe ya nyuzi 90 kwenye kipande cha faiba hujifunga kwa nyuzi 1 hadi 2 kinapopoa, hata fundi afanye kila kitu sawasawa, kwa sababu unene husinyaa zaidi kuliko urefu wa nyuzi. Pima kipande chako cha kwanza, na kalibu inayofuata ifungue pembe hiyo kwa kiasi hichohicho.

*Kipande chote kimejisokota.* Rudi kwenye mishale uliyoandika katika hatua ya 4. Karibu kila mara tabaka moja liligeuzwa, na kwa vitambaa vya satini, ambavyo uso wa juu na wa chini havifanani, inatosha tabaka kulazwa kifudifudi.